KOBE WA LUPANGO AKIBADILI RANGI: MGONJWA NI NANI?



Siku moja asubuhi, saa ya kupokea wagonjwa, baba mmoja anayetumika katika atelie alifika kwenye dispanseri, karatoni chini ya kwapa. Nilimuuliza: «Baba, unaumwa wapi?» Alijibu: «Mimi siumwi, munganga. Mgonjwa yuko humu.» Akafungua karatoni. Ndani mlikuwa kobe.

Baba yule alieleza habari yote. Miaka minane mbele ya siku ile alimwokota kobe huyo kando ya barabara. Alikuwa mdogo, anaenea katika kiganja cha mkono. Gamba lake lilikuwa la manjano, na kila kipande kilikuwa na alama nyeusi zinazoonekana vizuri. Watoto walimpenda, wakampa jina, wakamfanya mtu wa nyumba. Sasa manjano imepotea. Gamba limekuwa kahawia kama majani makavu ya pori. Tena, upande wa nyuma umetokea mstari kama ufa. Mama wa nyumba alisema kuna mtu ametupa kitu kibaya ndani ya lupango. Jirani alisema ni vumbi la fabriki. Mzee wa familia alitaka kobe atupwe mbali usiku ule ule.

Nilimwangalia kobe. Alitembea juu ya meza bila taabu, macho wazi, gamba gumu kama jiwe. Nikamwambia baba kwamba hakuna ubaya. Alipokuwa anafunga karatoni, alisema maneno haya bila kuyapa uzito: «Na yule mdogo wetu wa mwaka mmoja anahara tangu siku mbili. Lakini hayo ni meno tu.»

Wasomaji, mmesikia? Kobe mzima aliletwa kwa munganga, na mtoto anayehara alibaki nyumbani. Ndiyo sababu leo tunawaeleza mambo mawili. La kwanza: kwa nini gamba la kobe linabadilika rangi kadiri anavyokua, na wakati gani kubadilika huko ni ugonjwa. La pili: hatari ya kobe katika nyumba ni ipi, maana hatari hiyo haionekani katika rangi ya gamba.

GAMBA SI KOFIA

Wengi wetu wanafikiri gamba ni kama kofia ya usalama, kitu ambacho kobe anavaa na angeweza kukivua. Sivyo. Chini ya ile sehemu tunayoiona kuna mifupa. Mbavu na uti wa mgongo wa kobe vimeungana na mifupa hiyo, vimekuwa kitu kimoja. Kobe hawezi kutoka ndani ya gamba lake, kama wewe usivyoweza kutoka ndani ya kifua chako.

Juu ya mifupa kuna vipande vyembamba vilivyopangwa kama vigae vya nyumba. Vimefanywa kwa kitu kile kile kinachofanya kucha za mtu na pembe za ng'ombe. Kitu hicho kinaitwa keratini. Mwambie mtoto ahesabu kwa macho vipande vikubwa vya mgongoni: kwa kawaida ni 13, vitano katikati, na vinne kila upande. Vile vidogo vinavyozunguka ukingo havihesabiwi humo. Rangi yote tunayoiona iko katika vipande hivyo na katika ngozi nyembamba iliyo chini yake.

Kwa sababu gamba ni mfupa wenye uhai, lina damu na linasikia maumivu. Ndugu mtumikaji, ukimwona mtoto anataka kutoboa gamba la kobe kwa msumari kusudi apitishe kamba, mkataze mara moja. Ni sawa na kutoboa mbavu za mtu. Tena katika tundu hilo mikrobi zinaingia mpaka kwenye mfupa.

KWA NINI RANGI INABADILIKA?

Ninyi mnaotumika na shaba mnajua jambo moja. Waya mpya wa shaba ni mwekundu na unang'aa. Baada ya muda unakuwa kahawia, na shaba iliyokaa miaka mingi kwenye mvua inakuwa ya kijani. Hewa na maji ndivyo vinavyoibadilisha kutoka nje. Kwa kobe, sehemu kubwa ya mabadiliko inatoka ndani, katika kukua kwake. Sababu ni hizi:

Ya kwanza ni kukua kwa vipande. Kobe akikua hapati vipande vingine, ni vile vile vinavyopanuka. Keratini mpya inaongezwa pembeni ya kila kipande, na kile kipande cha utoto kinabaki katikati, kidogo kama kifungo cha shati. Alama iliyojaza kipande kizima zamani sasa ni doa tu katikati ya kipande kikubwa. Haikufutwa, nyumba imepanuliwa na picha imebaki ndogo ukutani.

Ya pili ni rangi zenyewe. Weusi na kahawia vinatoka kwa rangi inayoitwa melanini, ile ile inayofanya ngozi yetu na nywele zetu kuwa nyeusi. Kuna kobe ambao melanini yao inaongezeka na umri mpaka inafunika rangi nyingine. Sehemu ya rangi za manjano na nyekundu inatokana na chakula, hasa majani na matunda.

Ya tatu ni kulika. Kobe anapita chini ya mawe, anachimba, anajisugua kwenye mizizi. Miaka mingi ya namna hiyo inalainisha gamba, kama ngazi za saruji zinavyolainishwa na viatu. Mistari inafutika na rangi inafifia.

Na ile mistari ya duara ndani ya kila kipande? Watu wanasema kila duara ni mwaka mmoja. Msitegemee hesabu hiyo. Duara inaonyesha kipindi cha kukua na kipindi cha kusimama. Kobe anayelishwa vizuri anaweza kupata zaidi ya moja kwa mwaka, na kobe mzee gamba lake limekwisha kulika, hana tena ya kuhesabu.

MIFANO YA KOBE WATATU

Kobe wa pori letu. Katika misitu ya miombo ya kusini ya Kongo na Zambia anaishi kobe ambaye wataalamu wanamwita Kinixys spekii. Wabemba wanaita kobe fulwe. Wakati wa mvua anatembea, anakula uyoga, majani, matunda, konokono na jongoo. Wakati wa kiangazi anajificha. Akiwa kijana, vipande vyake vina manjano na alama nyeusi au kahawia. Akizeeka alama zinafifia, na wengine wanabaki na rangi moja tu, ile ya majani makavu. Huyu ndiye kobe wa yule baba. Na ule «ufa» wa nyuma? Ni bawaba! Gamba la kobe huyu linajikunja upande wa nyuma, kusudi akiogopa afunge mlango juu ya miguu yake. Kobe mchanga hana bawaba hiyo, inatokea kadiri anavyokomaa. Kwa hiyo yule baba aliona alama mbili za utu uzima, akazichukua kuwa alama mbili za uchawi.

Kobe wa madoa makubwa wa Afrika ya mashariki na kusini. Yuko Zambia, Tanzania, Kenya na kwingine. Akitoka katika yai ni wa manjano, na kila kipande kina doa moja au mawili meusi katikati. Akikua madoa yanapasuka na kutawanyika, anafanana na chui. Akizeeka sana madoa yanakwisha, anabaki wa kijivu au kahawia.

Kobe wa maji wa Marekani mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Huyu aliuzwa kwa mamilioni katika maduka ya dunia, na ndugu zetu walio Ulaya wanamfahamu. Akizaliwa ni wa kijani kabisa, gamba lake lina kama santimetri 3. Ndiyo maana watoto walimpenda. Lakini kila mwaka kijani kinapungua: anakuwa wa rangi ya zeituni, kisha kahawia, na madume wazee mara nyingi wanakuwa karibu weusi. Anaweza kufika karibu santimetri 30 na kuishi miaka zaidi ya 20. Wanunuzi wengi hawakujua hayo. Walipoona yule wa kijani amekuwa mkubwa na mweusi, walimtupa katika mito na mabwawa, akaanza kusumbua wanyama wa huko. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulikataza kumwingiza.

Na wakati mwingine si rangi, ni uchafu tu. Katika kisiwa cha Saint Helena kuna kobe mashuhuri anayeitwa Jonathan. Alifikishwa huko mwaka 1882, na wakati ule alikuwa mtu mzima tayari. Mwaka 2016 daktari wa wanyama alimwosha kwa brashi laini, na weusi uliokuwa umeshika gamba kwa miaka mingi ukatoka. Kobe wa maji vilevile anaweza kuota ukungu wa kijani mgongoni. Ukimsugua polepole kwa brashi laini na maji, unaondoka.

WAKATI GANI KUBADILIKA NI UGONJWA?

Mabadiliko ya umri yanakuja polepole, kwa miaka. Yanatokea gamba zima, na gamba linabaki gumu. Mabadiliko ya ugonjwa yanakuja haraka, kwa siku au majuma, na mara nyingi yanaanza pahali pamoja. Angalieni alama hizi:

Doa jeupe au jeusi ambalo ni laini, linanuka au linatoa maji. Hiyo ni kuoza kwa gamba. Inakuja kama kobe analala katika matope machafu, au gamba limepasuka na kidonda hakikusafishwa.

Rangi nyekundu au ya waridi inayotokea ghafla kwenye tumbo la gamba. Inaweza kuwa mikrobi zimeingia katika damu.

Gamba zima kuwa laini, likiminywa polepole kwa kidole linabonyea. Kobe aliyetoka katika yai juzi gamba lake bado si gumu, hiyo ni kawaida. Lakini kwa kobe mkubwa ni ukosefu wa chokaa ya mifupa na ukosefu wa jua. Kobe anayelishwa bukari na mkate, na kufungiwa chini ya kitanda, ndiye anayefika pale. Ni kama mtoto asiyetolewa juani, mifupa yake inapinda.

Kobe wa alama hizo apelekwe kwa munganga wa wanyama. Kobe wa pori letu aliyemo ndani ya lupango apewe majani, kama lengalenga, na matunda kidogo. Gamba la yai lililosagwa linampa chokaa. Apate jua la asubuhi, kivuli cha kujificha, na maji safi katika sahani yake. Msimpake rangi wala mafuta kusudi ang'ae. Rangi ya atelie ina sumu, tena inazuia jua kufika kwenye gamba. Wala msiende kuokota wengine porini. Kobe anakawia kukua na anazaa kidogo, pori linamhitaji.

MIKROBI HAINA RANGI

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Gamba linaweza kukuambia kobe ni mzee au kijana, mzima au mgonjwa. Lakini kuna kitu ambacho rangi haitakuambia hata siku moja: kama kobe anabeba mikrobi inayoitwa salmonela.

Mikrobi hiyo inaishi katika matumbo ya kobe bila kumwumiza. Kobe anakula, anatembea, anang'aa. Inatoka pamoja na mavi yake, inashika gamba, miguu, maji ya sahani na udongo anapolala. Mtoto anamshika, kisha anatia vidole mdomoni. Au dada anaosha sahani ya kobe katika beseni moja na vyombo vya chakula. Mikrobi imeingia nyumbani, na hakuna aliyeiona.

Si hofu ya bure. Huko Marekani wale kobe wadogo wa kijani waliwaambukiza watoto wengi, maana walikuwa wadogo kiasi cha mtoto kuwatia mdomoni. Mwaka 1975 serikali ya huko ilikataza kuuza kobe mwenye gamba lisilofika santimetri 10. Angalieni vizuri: walipima urefu, hawakuangalia rangi. Kijani kizuri kuliko vyote ndicho kilichokuwa na hatari kuliko vyote, kwa sababu ndicho kilichovuta mkono wa mtoto.

Mtu aliyeambukizwa anaanza kuumwa baada ya saa 6 mpaka siku 6. Anahara, anapata homa, tumbo linamkata. Mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi anapona kwa siku 4 mpaka 7. Lakini wako wanaoweza kupata hatari kubwa: mtoto wa chini ya miaka 5, mzee, mtu mwenye kinga dhaifu, na zaidi mgonjwa wa SS. Kwa mtoto wa SS mikrobi hii inaweza kupita katika damu na kushika mifupa. Kama nyumbani mna mtoto wa SS, shauri langu ni fupi: kobe asikae katika lupango yenu.

MTOTO AKIHARA

Yule baba nilimwambia: «Acha karatoni hapa, nenda umlete mtoto.» Alirudi na mama na mtoto mgongoni. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, mdomo mkavu, analia bila machozi. Tulimpa maji ya dawa, serum ya kunywa, kijiko kwa kijiko. Jioni alikojoa, na siku ya tatu alikuwa anacheka.

Je, kobe ndiye aliyeleta kuhara? Sikusema hivyo, wala leo sisemi. Kuhara kuna milango mingi katika nyumba: maji, inzi, chakula kilicholala, mikono. Lakini mama alituambia kobe alikuwa anazunguka jikoni na mtoto anatambaa nyuma yake. Mlango ukiwa wazi, unaufunga. Hungoji kujua mwizi alipita wapi. Na meno, wasomaji, hayaharishi namna ile. Msiseme tena «ni meno tu» mbele ya mtoto anayekauka.

Mtoto akianza kuhara, mpe serum ya kunywa ya pakiti kutoka dispanseri. Kama huna pakiti, chukua litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Pima vizuri: chumvi ikizidi ni hatari. Mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula. Mlete dispanseri kusudi apewe vidonge vya zinki. Mlete mbio, hata usiku, kama kuna damu katika choo, homa kali, macho yamezama, hawezi kunywa, au analegea.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kila anayemshika kobe, au sahani yake, anaosha mikono kwa maji na sabuni mara moja, mpaka kati ya vidole. Mkubwa anamsimamia mtoto.
2. Kobe haingii jikoni wala pahali watu wanapolala. Ana pembe yake ndani ya lupango.
3. Sahani ya kobe ina beseni yake. Maji yake yanamwagwa chooni, si karibu na kisima wala bustani ya mboga.
4. Mtoto wa chini ya miaka 5 anamwangalia kobe, hamshiki. Hakuna anayembusu.
5. Rangi ikibadilika polepole na gamba ni gumu, kaa bila wasiwasi. Ikiwa laini, inanuka, au imekuwa nyekundu ghafla, tafuta munganga wa wanyama.
6. Mtoto akihara, mtazame mtoto kwanza. Mambo mengine yote yatangoja.

Yule baba alirudi nyumbani na mtoto wake, na kobe wake vilevile. Hakumtupa, wala hakumtafuta mchawi katika kartie. Alimjengea kobe kiboma cha matofali nyuma ya nyumba, mbali na jiko, na pembeni ya kiboma akaweka ndoo ya maji na sabuni. Watoto wakubwa ndio wanaomlisha. Kila mwaka gamba linakuwa kahawia zaidi, na mama wa nyumba haogopi tena. Anasema: «Anazeeka tu, kama baba yao.»

Kwaheri ya kuonana, wasomaji. Tukutane katika ukurasa huu wakati ujao, mikono safi!